Kishikwambi au Kindle kwa vitabu vyenye picha? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaosoma vitabu vya maarifa ambavyo picha ni sehemu ya maelezo yenyewe: vitabu vya ndege na mimea, anatomia, ramani, ufundi, mapishi, majengo ya kale, historia yenye picha za zamani. Msomaji wa riwaya ana njia rahisi zaidi, kwa sababu maneno matupu yanasomeka karibu kwenye kifaa chochote. Hapa "kisomaji" ni kifaa chenye skrini ya wino wa kielektroniki, mfano Kindle, Kobo au PocketBook. Kishikwambi ni tableti ya kawaida, iwe ya Android au iPad.

Kwa kifupi, ninunue nini?

Kishikwambi cha inchi 10 au 11, chenye skrini ya pikseli (nukta za skrini) 1920 kwa 1200 au zaidi na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 4. Kama ni cha Android, kiwe na sehemu ya kuweka memori kadi.

Kisomaji kinakishinda kishikwambi kwenye jua na kwenye chaji, na kuna vitabu ambavyo vinapendeza zaidi kwenye wino kuliko kwenye kioo. Nitavitaja. Lakini mtu mwenye hela ya kifaa kimoja tu, ambaye vitabu vyake vina michoro yenye majina madogomadogo na rangi zenye maana, nikimshauri anunue kisomaji cha inchi 6 nitakuwa nimemharibia fedha zake.

Nianze na kifaa au na kitabu?

Anza na kitabu. Chagua vitatu au vinne unavyojua utavisoma, sio vile unavyotamani kuwa navyo. Kama una nakala ya karatasi, chukua rula upime ukurasa. Kisha jiulize: rangi kwenye picha zake zinaeleza jambo au ni pambo? Picha na maelezo yake yanatakiwa yaonekane kwa pamoja? Na utakisomea wapi: mezani, kitandani, darasani au porini?

Watu wengi huanza na bei, wakaja na aina, wakamalizia na rangi ya kava. Kitabu wanakikumbuka wakishafika nyumbani, na hapo ndipo wanapogundua kwamba jedwali halisomeki.

Inchi 6 haziwezi kutosha kweli? Si naweza kukuza picha?

Tupige hesabu. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Skrini ya kisomaji cha inchi 6 ina upana wa kama milimita 91. Ukurasa mzima ukiingia humo unabaki na asilimia 43 ya ukubwa wake. Maandishi yaliyochapwa kwa pointi 11 yanashuka chini ya pointi 5, na maelezo ya chini ya picha, ambayo kwa kawaida huwa madogo kuliko maandishi ya kawaida, yanakuwa vidoa tu.

Kukuza kunawezekana, ila kwenye wino wa kielektroniki kila unaposogeza ukurasa skrini inajichora upya, na kivuli cha picha iliyopita hubaki kidogo. Mtu anayefuatilia mshipa wa damu kutoka moyoni mpaka kwenye kiganja kwenye mchoro wa anatomia atasogeza, atasubiri, atapotea njia, atarudi nyuma. Kwa ukurasa mmoja utavumilia. Kwa kitabu cha kurasa 400 utaacha kusoma, na utadhani tatizo ni kitabu kigumu.

Basi inchi ngapi zinafaa?

Vitabu vingi vya mwongozo, vile vya kubeba kwenye begi, viko karibu na A5, yaani milimita 148 kwa 210. Vitabu vya kiada, vya sanaa na ripoti viko karibu na A4. Kishikwambi cha inchi 11 chenye umbo refu, kama Samsung Galaxy Tab A9+, kina skrini yenye upana wa kama milimita 148. Kwa hiyo ukurasa wa A5 unaingia wote kwa ukubwa wake halisi, bila kukuza wala kupunguza. Kama vitabu vyako ni vya ndege, wadudu, mimea au mapishi, umeshamaliza kutafuta.

Kwa A4 hakuna kishikwambi cha bei ya kawaida kitakachokupa ukubwa kamili, kwa sababu ukurasa huo kona kwa kona una inchi 14.3. Hapa umbo la skrini lina kazi kubwa kuliko idadi ya inchi. iPad ya inchi 10.9 ina umbo linalokaribiana na la karatasi, kwa hiyo inaonyesha A4 kwa asilimia 75 hivi. Kile kishikwambi cha inchi 11 chenye umbo refu kinaishia kwenye asilimia 70, kwa sababu urefu uliozidi unabaki mweusi juu na chini. Skrini ndefu zimetengenezwa kwa ajili ya filamu. Muuzaji atakutajia inchi tu, maana ndizo zinazouza. Wewe mwambie akiweke kishikwambi wima, kisha utazame upana.

Inchi 8 ni nyepesi na zinaingia kwenye mfuko wa koti. Kwa kitabu kidogo cha ndege zinatosha. Kwa kiada cha biolojia, hapana.

Rangi ni lazima? Kindle ya nyeusi na nyeupe ni nafuu na haichoshi macho.

Inategemea rangi inafanya kazi gani. Skrini ya kawaida ya wino inaonyesha ngazi 16 za kijivu. Nyekundu na kijani zikiwa na mwanga unaolingana zinageuka kijivu kilekile. Grafu yenye mstari mwekundu na mstari wa kijani inabaki na mistari miwili inayofanana. Ramani ya aina za miamba au ya kiwango cha mvua inakuwa doa moja kubwa.

Ndege ndio wanaonyesha tatizo hili vizuri zaidi. Chukua chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda wanaonyonya maua bustanini. Madume hutofautishwa kwa rangi za kifua na tumbo: huyu ana wekundu, yule ana mkanda wa zambarau, mwingine tumbo la manjano. Ukiwaweka kwenye kijivu, ukurasa mzima unakuwa na ndege mmoja aliyechorwa mara nyingi. Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na anayejifunza kuongoza watalii hawezi kutegemea kijivu kuwatambua.

Kuna upande mwingine, na naupenda sana. Michoro ya mistari, ramani za zamani zilizochongwa, michoro ya mitambo, mimea iliyochorwa kwa kalamu na wino, vitabu vya karne ya 19 vyenye picha za kuchonga: hivi kwenye kisomaji kikubwa vinatulia kama karatasi. Kindle Scribe ya inchi 10.2 au Kobo Elipsa ya inchi 10.3 zinavitendea haki kuliko kishikwambi chochote. Tatizo ni bei. Vifaa hivyo vinagharimu sawa na kishikwambi kizuri, wakati mwingine zaidi, na ukiacha kusoma na kuandika kwa kalamu havifanyi kazi nyingine nyingi.

Na visomaji vya rangi vilivyotoka siku hizi?

Mwaka 2024 vilitoka kwa wingi: Kobo Clara Colour ya inchi 6, Kobo Libra Colour ya inchi 7 na Kindle Colorsoft ya inchi 7. Vyote vinatumia skrini ya nyeusi na nyeupe iliyowekewa kichujio cha rangi juu yake. Kwa kuwa kila nukta inabeba rangi moja tu, picha ya rangi inabaki na pikseli 150 kwa inchi, wakati maandishi meusi yana 300. Teknolojia ya Kaleido 3, ambayo vifaa vya Kobo vimejengewa juu yake, inatoa rangi 4,096. Kichujio nacho kinameza mwanga, hivyo karatasi inaonekana ya kijivu kidogo na utalazimika kuwasha taa ya ndani mara nyingi zaidi.

Matokeo yake ni rangi zilizopoa, kama za gazeti. Kwa grafu, ramani rahisi, vibonzo vya elimu na mapishi zinatosha kabisa: utaona huu ni mstari mwekundu na ule ni wa buluu. Kwa kumtofautisha chozi na chozi mwenzake, au kwa picha za michoro ya rangi za mafuta, hazitoshi. Inchi 7 pia zinaurudisha ukurasa wa A5 kwenye asilimia 68.

Boox wana visomaji vya rangi vya inchi 10.3 vinavyotumia Android, na reMarkable Paper Pro ina inchi 11.8 na aina nyingine ya wino ambayo rangi zake ziko ndani ya wino wenyewe. Ni vifaa vizuri kwa mtafiti anayeandika pembeni ya kurasa siku nzima. Kwa msomaji wa kawaida wa huku kwetu, bei yake ni ngumu kuitetea.

Pikseli zina umuhimu gani? Vishikwambi vya bei ya chini vinaandikwa "HD" na vinaonekana sawa tu dukani.

Dukani vinaonekana sawa kwa sababu vinaonyeshwa video. Video inatembea, jicho linasamehe. Ukurasa umesimama.

Vishikwambi vingi vya bei ya chini vya inchi 10.1 vina pikseli 1280 kwa 800. Weka ukurasa wa A4 humo wima: pikseli 800 zinagawanywa kwa upana wa inchi 8.27, unabaki na pikseli 97 kwa kila inchi ya karatasi. Herufi ndogo ya maelezo ya picha yaliyochapwa kwa pointi 7 inapata kimo cha pikseli zisizofika 5. Kwa kimo hicho "a", "e" na "o" zinafanana, na namba ndogo zinazoelekeza kwenye sehemu za mchoro hazitambuliki. Kwenye iPad ya pikseli 1640 kwa upana, herufi ileile inapata karibu mara mbili. Hapo inasomeka.

Kwa hiyo nikiambiwa nipunguze kitu kimoja ili bei ishuke, nitapunguza kamera, spika, hata kasi ya prosesa. Pikseli sitazigusa.

Nimenunua kitabu cha picha kwenye Kindle, kifaa changu ni kizuri, lakini picha ni ndogo na hafifu. Kwa nini?

Mara nyingi kosa liko kwenye faili. Anayechapisha mwenyewe kupitia huduma ya Kindle akichagua mrabaha wa asilimia 70, kwa mauzo ya Amazon.com anakatwa dola 0.15 kwa kila megabaiti ya kitabu kama gharama ya kukifikisha kwa mnunuzi. Kitabu chenye picha nzuri cha MB 60 kingemkata dola 9 kwa kila nakala, wakati bei ya juu inayoruhusiwa kwenye mrabaha huo ni dola 9.99. Kwa hiyo anaziminya picha mpaka faili linakuwa dogo, na picha iliyominywa haikuziki. Unakuza, unaona ukungu.

Dawa yake ni kupakua sampuli ya bure kabla ya kulipa, kisha kuikuza picha mojawapo mpaka mwisho. Angalia pia ukubwa wa faili kwenye maelezo ya kitabu: kitabu cha kurasa 300 kilichojaa picha lakini kina MB 4 tu kimeshajieleza. Na usome orodha ya vifaa vinavyokubali kitabu hicho, kwa sababu vitabu vingine vya kurasa zilizofungwa (mpangilio wake haubadiliki kufuata skrini) hufunguka kwenye vishikwambi na kompyuta lakini si kwenye kila kisomaji.

Vitabu vya picha ninapendelea kuvinunua vikiwa PDF moja kwa moja kwa mchapishaji, pale anapouza hivyo.

PDF au EPUB?

EPUB ni aina ya faili la kitabu cha kielektroniki, na ile ya kawaida inayapanga maneno upya kulingana na skrini yako. Ukiongeza ukubwa wa herufi, kila kitu kinasogea. Kwa maneno ni raha. Kwa picha ni balaa ndogo: mchoro unabaki ukurasa huu, maelezo yake yanakwenda wa pili, na jedwali la safu sita linakatwa katikati. EPUB ya kurasa zilizofungwa ipo pia, hasa kwa vitabu vya watoto na mapishi, na hiyo inatunza mpangilio.

PDF inatunza ukurasa kama ulivyochapwa. Ndiyo maana inahitaji skrini kubwa, na ndiyo maana ukubwa nimeupa nafasi kubwa kiasi hiki. Kama vitabu vyako vingi ni PDF, suala la kisomaji kidogo limekwisha.

Mwongozo wangu una picha upande wa kulia na maelezo upande wa kushoto. Kwenye kishikwambi vinatengana. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninalofurahi zaidi kulijibu, kwa sababu watu huacha vitabu vizuri bila kujua kwamba tatizo lina suluhisho la nusu dakika.

Vitabu vingi vya ndege, samaki na mimea vimepangwa kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja picha, upande wa pili majina, maelezo na ramani ndogo za mahali wanapopatikana. Kishikwambi kikisimama wima unaona upande mmoja tu. Kilaze, kisha uchague mwonekano wa kurasa mbili kwenye programu ya kusomea. Xodo na ReadEra, zote za Android, zina uwezo huo.

Halafu huja tatizo la pili. Kurasa zinaonekana mbili mbili, lakini jozi si sahihi: picha za korongo zimekaa na maelezo ya bata. Hii ni kwa sababu jalada limehesabiwa kama ukurasa wa kwanza wa jozi, na kila kitu kikasogea hatua moja. Tafuta mpangilio unaoacha jalada lisimame peke yake, na jozi zote zitarudi mahali pake. Kama programu yako haina mpangilio huo, badilisha programu, usibadilishe kishikwambi.

Hata kwa matumizi haya lile umbo refu nililolisema vibaya juu halijitetei, maana kurasa mbili za A5 zikikaa pamoja zina umbo la A4 iliyolazwa, na nafasi inabaki tupu pembeni.

Nafanya kazi nje juani. Kishikwambi kitaonekana?

Kwa shida. Skrini ya wino inatumia mwanga unaoiangukia, kwa hiyo jua likizidi inasomeka vizuri zaidi. Kishikwambi kinashindana na jua kwa taa yake, na cha bei ya kawaida kinashindwa saa sita mchana. Kivuli cha mti au cha gari kinasaidia sana, na protekta isiyong'aa inapunguza mwako, ingawa inafifisha picha kidogo.

Joto ni jambo zito kuliko mwanga. Apple wanaeleza kwamba iPad itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35, na isihifadhiwe palipozidi 45. Gari lililofungwa likiachwa juani linavuka kiwango hicho upesi, na kishikwambi kilichoachwa kwenye dashibodi kinaweza kujizima, na betri yake inazeeka kabla ya wakati. Kiweke kwenye begi, chini ya kiti.

Mwambao kuna chumvi na unyevu. Kindle Paperwhite tangu toleo la 2018, na Kobo Libra, zinavumilia maji. Vishikwambi vingi vya bei ya kati havivumilii. Mfuko wa plastiki wenye zipu unatosha kwa safari ya mashua.

Umeme wa kwetu unakatika. Chaji itakaa?

Kisomaji kinatumia umeme hasa kinapogeuza ukurasa na kinapowasha taa. Ukurasa ukishatulia hautumii kitu, na ndiyo maana chaji moja inapimwa kwa wiki. Kishikwambi kinapimwa kwa saa: ukisoma tu, data ikiwa imezimwa na mwanga ukiwa wa kati, tegemea siku moja ya kusoma. Betri ya Galaxy Tab A9+ ina mAh 7,040, kwa hiyo pawabenki ya mAh 10,000 itaijaza mara moja hivi, maana sehemu ya umeme hupotea njiani. Mwenye sola ndogo ya taa na simu atachaji kisomaji bila wasiwasi, lakini kishikwambi kitamaliza umeme wa familia.

Kishikwambi changu kinakwama nikifungua PDF zilizopigwa skani. Kimeharibika?

Pengine hakijaharibika, kimeelemewa. Ukurasa wa A4 uliopigwa skani kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Faili likiwa limebanwa ni dogo, lakini ili lionekane lazima lifunguliwe kwenye RAM, na hapo ukurasa mmoja unakula kama MB 35. Programu inafungua na kurasa za jirani ili zikae tayari. Kishikwambi cha RAM ya GB 2, ambacho Android yenyewe imeshakula sehemu kubwa, kinabaki kinahema.

Kwa hifadhi, hesabu vitabu vya picha kwa MB 50 hadi 300 kila kimoja. GB 64 zinatosha wengi, na memori kadi inaongeza. iPad haina nafasi ya kadi, hivyo chagua hifadhi ya kutosha siku ya kununua.

iPad au Android?

iPad ina skrini bora kwa vitabu: umbo zuri, pikseli 264 kwa inchi, rangi za kuaminika. Ukiipata kwa bei unayoiweza, usisite. Android inaingia kwenye bajeti nyingi zaidi, inakubali kadi na flashi bila masharti, na menyu zake zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Nikiwa na fedha za iPad kuukuu isiyopokea tena programu mpya, au Android mpya ya daraja la kati, nitachukua Android.

Macho yananiuma nikisoma kwenye kishikwambi.

Punguza mwanga ulingane na chumba. Skrini inayowaka kwenye chumba chenye giza inachosha sana, na watu wengi wanasoma hivyo kitandani taa ikiwa imezimwa. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Uzito nao unahusika: kishikwambi cha inchi 11 kina kama gramu 480, kisomaji cha inchi 6 kina 160 hivi, na mkono uliochoka unakileta kifaa karibu na uso bila wewe kujua. Nunua kava lenye kisimamishio. Maumivu yakiendelea, muone daktari wa macho, huenda unahitaji miwani.

Mimi ni mwalimu. Kile kishikwambi cha Sensa kinafaa?

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 Tanzania, kisha vikagawiwa walimu, vinafaa kwa kusoma na kuandaa somo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya kiada, na Kenya kuna KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala. Tatizo ni kuonyesha picha kwa wanafunzi wengi: skrini ndogo ikizungushwa darasani, wa nyuma hawaoni kitu. Mchoro mmoja muhimu uliochapwa kwenye karatasi kubwa ukabandikwa ukutani utafanya kazi zaidi kuliko kishikwambi mkononi mwako.

Vitabu vizuri vya picha, vya bure na halali, vinapatikana wapi?

Vipo vingi kuliko wengi wanavyodhani. Biodiversity Heritage Library ina vitabu vya zamani vya viumbe, vilivyopigwa skani kwa uangalifu mkubwa, picha za rangi zikiwemo. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina vingi vya aina hiyo. Kwa sanaa, makumbusho ya Metropolitan ya New York na Getty ya Los Angeles yametoa bure PDF za mamia ya vitabu vyao. Mwanafunzi wa biolojia au anatomia aende OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani: viada kamili, michoro ya rangi, bila malipo. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wana miongozo ya kilimo na ufugaji yenye michoro ya hatua kwa hatua. Hesperian, shirika la uchapishaji wa vitabu vya afya, wana vitabu vyenye michoro, vingine kwa Kiswahili.

Mafaili haya ni mazito, kwa hiyo yapakue penye Wi-Fi, usiyafuate kwa bando la siku. Kama una Kindle, njia ya kutuma kwa barua pepe inakubali faili la hadi MB 50 na ya tovuti hadi MB 200. Linalozidi hapo litie kwa waya.

Nataka kununua kilichotumika, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi. Nikague nini?

Nenda na kitabu chako. Weka PDF yako nzito zaidi kwenye flashi yenye ncha inayoingia kwenye kishikwambi, uifungue palepale dukani. Nenda kwenye ukurasa wenye maandishi madogo kuliko yote, ukae nao dakika moja: yanasomeka bila kukuza? Geuza kurasa kumi haraka haraka uone kama kinakwama. Kisha toka nacho mpaka mlangoni, penye mwanga wa barabarani.

Vile vinavyoandikwa RAM GB 12 na hifadhi GB 512 kwa bei ya simu ya vitufe ni feki. Namba zimeandikwa kwenye menyu tu. Pakia programu ya kuonyesha undani wa kifaa, kama CPU-Z, ulinganishe na kilichoandikwa kwenye boksi.

Kwa kilichotumika, mwambie muuzaji akirudishe kiwandani mbele yako, halafu ingiza akaunti yako mwenyewe. Kikidai nenosiri la mtu mwingine, kirudishe hata kama bei ni tamu, kwa sababu iPad iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe hutaifungua. Tazama skrini ikiwa nyeupe kabisa, kisha nyeusi kabisa: madoa ya manjano pembeni na nukta zilizokufa huonekana hapo. Kwenye kisomaji cha wino, bonyeza pembezoni taratibu na utafute mistari isiyofutika, maana skrini hizo hupasuka ndani bila kuonyesha ufa nje, na kuibadilisha ni karibu sawa na kununua kingine. Chomeka chaji uone asilimia inapanda. Dai risiti yenye namba ya kifaa, na uelewane na muuzaji kwa maandishi ni siku ngapi unaweza kukirudisha.